Kuuamsha Mkono wa Mama Mkwe Nyuma ya Ukuta

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1996. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Saa nne mawingu yalijikusanya kana kwamba yana jambo, yakatazama, yakaondoka.

Ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lile, na chini yake nikaongeza: "Leo tumeanza." Sikuandika tumeanza nini. Nilidhani nitakumbuka siku zote, na kweli nimekumbuka, lakini msomaji hana kosa, kwa hiyo nieleze.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliishia darasa la saba, sikuwa wa kwanza wala wa mwisho, na mambo ya ubongo nitakayoyataja humu niliyasikia kwa masikio tu, tena kupitia dirishani. Nikikosea, kosa ni langu. Kibanda changu kilikuwa kimeegemea nyumba yetu pale Shinyanga mjini, na kati ya benchi langu na chumba cha wageni palikuwa na ukuta mmoja wa matofali mabichi. Huo ukuta ndio ulionifanya niingie katika kazi ya udaktari.

Mwezi wa sita mama mkwe wangu alianguka shambani kwake, upande wa Mhunze, akichuma pamba. Alipozinduka mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia umelala. Hospitali wakasema ni kiharusi. Mdomo ulirudi upesi, na mke wangu husema ulirudi na nguvu ya ziada. Mguu ukafuata polepole. Mkono ukagoma. Na kwa kuwa mtaalamu wa viungo alikuwa hospitali ya mjini, mama mkwe akaletwa kwetu na godoro lake.

Anayetoka kwetu ameshacheka. Kwa asiyejua: kwa sisi Wasukuma, mkwilima, yaani mume wa binti, hatazamani na mama mkwe wake. Hamgusi, hali mbele yake, hakai alipokaa yeye. Si uadui, ni heshima, tena heshima nzito sana. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa niambie, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, majani yako wapi? Nilikuwa nakohoa kabla ya kuingia uani, naye anakohoa kabla ya kutoka chumbani. Kuna siku tulikohoa wote wawili kwa wakati mmoja, nikajificha nyuma ya pipa la maji, na yeye, nilivyoambiwa baadaye, akajificha nyuma ya mlango, tukakaa hivyo mpaka mke wangu aliporudi sokoni kututenganisha. Chakula nilikula kibandani, sahani juu ya benchi, mboga ikinukia grisi. Miezi mitatu.

Kuzungumza tulizungumza, lakini si uso kwa uso wala moja kwa moja. Alikuwa anamwambia mke wangu kwa sauti ambayo mtaa mzima ungesikia: "Mwambie huyo fundi aliye nyuma ya ukuta, nyundo yake inanigonga kichwani." Nami namwambia mke wangu, hata kama hayupo: "Mwambie mama nimesikia, natafuta nyundo ya mpira." Mke wangu akiwa kisimani, mama alimtuma kuku wa uani badala yake.

Jambo lililokuwa likimsumbua sisi wote tulilijua, maana alilisema kila siku. Mumewe alikuwa na wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Mama mkwe ndiye mkubwa. Tangu aanguke, jiko lake lilikuwa halijatoa moshi, na habari zilikuwa zimefika kwamba ndani yake wameanza kuweka mbegu za pamba. Aliapa hatarudi mpaka mkono wa kulia ushike mwiko. "Nirudi nikakae kwenye jiko la mwenzangu, nilishwe kama kifaranga?" alisema. "Afadhali nife kwa mkwilima." Akitafakari kidogo anaongeza: "Hapana, hilo nalo ni aibu." Na mvua za kupandia zilikuwa mbele yetu. Mwanamke ambaye moshi wake hauonekani wakati wa kupanda, kwao anahesabiwa amestaafu.

Jumamosi ile ndipo mama wa viungo, hivyo ndivyo tulivyomwita yule mtaalamu wa hospitali, alipokuja nyumbani kumtazama. Mimi nilikuwa kibandani nanyoosha ringi, lakini nilinyamazisha mikono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea mkono?"

"Mkono unao, bibi. Mkono wenyewe hauumwi. Kilicholala ni sehemu ya kichwani inayoutuma."

Akaeleza, na nilivyoelewa ni hivi. Juu ya ubongo kuna ukanda unaotuma viungo. Kiharusi kikipita, ukanda ule unakuwa mzito wa kuitika, kama mtu aliyepigwa akawa haitiki hata ukimwita kwa jina. Kazi ni kuurudishia wepesi wa kuitika, bila kupasua kichwa. Alisema alipokuwa kwenye mafunzo, daktari mmoja mgeni aliwasimulia kwamba Ulaya wana chombo cha sumaku, duara la waya wanalishika juu ya kichwa, linalia tak! na kidole cha mgonjwa kinaruka chenyewe, hata kama hakutaka.

"Kinaruka chenyewe?" mama mkwe akauliza. "Huo si uchawi?"

"Ni umeme na sumaku, bibi."

"Uchawi wa bei mbaya, basi."

Hapa Shinyanga chombo hicho hakipo, alisema, lakini zipo njia za kuzunguka. Kuna kuutikisa msuli, kwa sababu msuli ukitikiswa habari hupanda hadi kichwani. Kuna kufumba macho na kufikiri kwamba mkono unafanya kazi. Kuna kumtazama mtu mwingine akifanya kazi ile kwa mkono wake, maana kichwa kinachotazama kwa makini huanza kujiandaa kana kwamba ndicho kinachofanya. Mazoezi ya kila siku yaendelee palepale, na juu yake iongezwe njia mojamoja, wiki kwa wiki, tuone ipi inafaa.

"Nani ataandika?" mke wangu akauliza, halafu akajijibu: "Baba watoto ana daftari. Lakini hawezi kuingia humu."

Mama wa viungo, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alipoelezwa habari za ukwe alicheka mpaka nikasikia kiti kinalia. Kisha akasema neno lililonitia kiburi kwa mwezi mzima. "Lakini ni vizuri hivyo! Asiyeona hapendelei. Huko kwenye utafiti watu wanalipwa ili wasijue. Msimwambie ni wiki ya njia gani. Yeye ahesabu tu."

Nihesabu nini? Hapo ndipo fundi alipopata cheo. Nilitoa gololi thelathini za ekseli ya nyuma, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikazituma ndani na bakuli na kopo tupu la maziwa ya unga. Mama mkwe aokote gololi mojamoja kwa mkono wa kulia aitie kwenye kopo. Mimi natazama saa yangu ya mkononi. Nikigonga ukuta mara moja kwa spana, aanze. Dakika mbili zikiisha nagonga mara mbili, aache. Kila gololi ikianguka inalia ting. Nilikuwa na uhakika kwamba masikio yangu kwa gololi hayadanganyiki. Neno "uhakika" nimelikuta kwenye daftari, nimelipigia mstari mwenyewe.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifika siku mbili baadaye kutoka machimboni Geita. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema na walio chini ya shimo. Njiani kutoka stendi alikuwa amepitia duka la vyombo la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa ambaye Kisukuma chake kinamshinda mke wangu, akanunua mashine ya kutikisa mwili, ya betri, inayounguruma kama nyuki kwenye debe. Mzee alimweleza kwa haki kwamba ile ni ya wanene wanaotaka kupunguza kiuno.

"Shemeji," aliniambia pale kibandani, "kichwa ni kama duara, shimo letu la dhahabu. Unagonga mwamba, unasikiliza. Ukiitika, unachimba. Hii mashine ndiyo nyundo. Hayo ya kufikirifikiri, mimi nimefikiria dhahabu miaka sita, mbona haijatoka?"

"Tutaona," nikasema.

"Tutaona nini? Andika kabisa kwamba mashine imeshinda."

"Siwezi kuandika kabla."

"Wewe shemeji yangu ni mtu mgumu. Ndiyo maana unakula na baiskeli."

Tatizo likajitokeza: mashine ile ikiwashwa ningeisikia ukutani, nami sitakiwi kujua. Mke wangu akapata dawa. Kila siku, hata wiki isiyo yake, mashine ingewashwa muda uleule, ila wiki nyingine ingelazwa kwenye mkeka iungurume peke yake. Mama wa viungo aliposikia hilo alipiga makofi. Shemeji hakupiga makofi. "Mnaukanda mkeka kwa betri zangu!" Naandika hili kwa sababu alikuwa na haki ya kulalamika, betri alinunua yeye.

Alikuwa na njia nyingine pia. Huko machimboni kulikuwa na fundi redio aliyemwambia kwamba ukiweka vitambaa vibichi kichwani na kupitisha umeme kidogo wa betri, kichwa kinaamka. Mama wa viungo alikataa kwa neno moja, akaongeza la pili: kichwa cha mgonjwa si redio. Tukatii. Lakini mimi sikulala vizuri. Nilijiuliza, je, tunaionea njia ya shemeji kwa kuwa ni ya shemeji? Kesho yake mchana, mtaa ukiwa kimya, nikajifunga vitambaa mimi mwenyewe. Niliona mwanga umepita jichoni, mdomo ukajaa ladha ya msumari, nikaangukia rundo la matairi. Niliandika: "Betri. Sikuona faida. Ila kwa haki, sikuwa mgonjwa." Simshauri mtu. Mke wangu alipoona weusi wa tairi kwenye kola aliuliza, nikasema nimeteleza, na uongo huo ninauandika hapa kwa mara ya kwanza.

Wiki ya kwanza gololi zilikuwa tatu, wakati mwingine nne. Ting moja, kisha kimya kirefu chenye kukwaruza bakuli, kisha nasikia gololi imekwepa na kubingirika sakafuni, na sauti ya mama mkwe: "Mwambie fundi hii moja ilikuwa inaingia, basi tu." Namwambia mke wangu: "Mwambie mama isiyoingia haihesabiwi." "Mwambie fundi mama yake alimzaa na roho ya karani." Wiki ya pili ikawa nne, tano. Nilitamani kuandika kwamba imepanda, lakini niliogopa, kwa sababu siku moja tu ilikuwa sita na ile ya sita ilianguka pamoja na kugonga kwangu kwa pili. Nikaandika tano na nusu. Najua hakuna nusu ya gololi.

Wiki ya tatu, Jumatatu: kumi na nane.

Nilifikiri nimehesabu kwa kurukwa na akili. Jumanne ishirini. Jumatano kumi na tisa. Ting, ting, ting, ting, kama mvua ya mawe kwenye bati. Mke wangu, ambaye wiki mbili za mwanzo alikuwa akikaa na mama wakati wa kipimo, sasa saa ile alikuwa jikoni, kwa hiyo alikimbia na mikono ya unga: "Ngapi?" Nikamwambia. Akapiga vigelegele. Shemeji akatoka alikokuwa, na hapo siri ikavunjika, maana hakuweza kujizuia: "Ni wiki ya mashine! Kufikiri ilikuwa ya kwanza, kutazama ya pili, hii ni mashine! Si nilisema? Gonga mwamba!"

Kesho yake alfajiri, kabla hajarudi Geita, alipita kwanza Mhunze kupeleka habari. Jibu la baba mkwe lilifika Jumamosi na mtu wa basi: mbegu zimeondolewa jikoni, mke mdogo ameyasiriba mafiga upya kwa udongo, na Jumapili ya tatu kutoka hapo ndugu watakuja kula ugali wa mkono wa mke mkubwa. Aje.

Mke wangu alifurahi. Mimi nilipaswa kufurahi kuliko wote. Ningerudi kula sebuleni kwangu. Lakini ting ting ile ilikuwa inanikaa sikioni vibaya. Nieleze kwa mambo ya kazi yangu, sijui mengine. Gurudumu lililopinda ukilinyoosha, siku ya kwanza bado linayumba. Linapungua kuyumba kidogo kidogo mpaka litulie. Halitoki kwenye kupinda likaenda kama jipya usiku mmoja, labda kama umebadilishiwa gurudumu. Na kukwaruza bakuli kulikwenda wapi? Gololi kutoroka sakafuni kulikwenda wapi? Hata mizaha ilikuwa imepungua. Wiki ile mama mkwe alikuwa akimaliza kimyakimya kama mwanafunzi anayenakili.

Nilianza kujishuku mimi. Labda wivu, kwa kuwa mashine ni ya shemeji. Labda nimezoea kula kibandani nikapapenda. Nilikaa na shaka hiyo siku mbili, kwa sababu kumshuku mama mkwe ni jambo ambalo kwetu huna hata pa kulisemea. Huwezi kumtazama, utamwambiaje kwamba anadanganya? Mwishowe nikamwita mke wangu kibandani nikamwambia kweli yote, nikiangalia chini.

"Unasema mama yangu anatumia mkono wa kushoto."

"Sisemi. Nasema sijui."

"Ni kulekule."

"Si kulekule. Jumapili ile watu watakaa kumtazama, mama watoto. Kama mkono bado, ni bora tujue sisi."

Nikafungua kengele ya baiskeli mpya iliyokuwa imeletwa kufungwa, nikampa. "Aishike kwa mkono wa kushoto, awe anaipiga bila kuacha huku wa kulia unaokota. Na umwambie sababu. Usimdanganye kwamba ni dawa."

Alikaa ndani kwa muda ambao ningeweza kuziba pancha mbili. Kisha nikasikia kicheko, cha mtu mmoja kwanza, halafu cha wawili.

"Mwambie fundi agonge," mama mkwe akasema.

Nikagonga. Kring kring kring ilianza, kengele ya nguvu, hata mwanamume aliyekuwa akipita barabarani alisogea pembeni akatazama nyuma. Chini ya kengele nikasikia kile nilichokuwa nimekikosa: kukwaruza bakuli. Ting. Kimya. Kring kring. Moja ikabingirika. Ting. Nilipogonga mara mbili zilikuwa zimeingia saba.

Kuku alikuwa karibu na mlango wa uani, na mama mkwe akamgeukia huyo.

"Wewe kuku," alisema, "mwambie mkwilima wangu sikutaka kumfanya mjinga. Mwanangu katoka Geita na mashine, uso wake unang'aa. Mwenye nyumba anakula nje kama mgeni asiyetakiwa, miezi mitatu, kwa ajili ya mkono wangu. Nikaona, hawa watu niwape gololi wanazozitaka, tupumzike sote. Sikujua mtakimbia Mhunze kutangaza."

Kuku akaondoka, kwa hiyo nikauambia ukuta.

"Mwambieni mama saba si ndogo. Tulianza na tatu. Saba hizi ni zake, hakuna aliyezikopesha."

"Na ishirini?"

"Ishirini nazifuta."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima, mama. Haihesabiki." Nilikuwa nimesema "mama" moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, nikashikwa na jasho. Yeye hakulisema, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Mke wangu alijua? Nilimuuliza usiku ule. Alisema alikuwa jikoni. Nikamuuliza kwa nini wiki ile ndiyo alianza kuwa jikoni saa ya kipimo. Alisema kwa sababu watu wanakula. Sijathubutu kumuuliza mara ya pili, na ninaliacha kama lilivyo.

Mama wa viungo alipokuja nilimsomea kurasa zote kupitia dirishani, pamoja na ile iliyofutwa. Nilitegemea atakasirika. Aliuliza tu: kwa hiyo njia gani imeshinda? Nikasema sijui. Ya kutazama iliizidi ya kufikiri kwa gololi moja au nusu, lakini ilikuja ya pili, na huenda mkono ulikuwa unapona wenyewe kila siku bila kungoja njia yoyote. Mashine haikushinda wala haikushindwa, kwa sababu hatukuipima. Kila neno lilinitoka kwa aibu. Wiki tatu, na jibu langu ni sijui.

"Hao wa Ulaya wenye sumaku," alisema, "nao wengi wao jibu lao ndilo hilo. Wanaliandika kwa kurasa nyingi zaidi." Kisha akamwambia mama mkwe: "Siku zilizobaki fanyeni zote tatu, bibi. Fumba macho fikiri, mtazame binti yako anasonga, weka mashine. Lakini mkono wa kushoto ufungwe kitambaa wakati wa kazi, maana umeonyesha una tabia."

"Umesikia, mjanja?" mama mkwe akauambia mkono wake wa kushoto.

Zilibaki siku kumi na moja. Sikutumia tena gololi. Alisema Mhunze hakuna atakayemwomba aokote gololi. Alitaka mwiko. Kila jioni mke wangu alikaa jikoni anasonga ugali polepole huku mama anatazama, kisha mama anafumba macho anasonga hewa, kisha anapewa mwiko na sufuria lenye mchanga mkavu. Mimi kibandani nilisikiliza mchanga. Siku za mwanzo mwiko ulianguka mara nyingi kuliko ulivyozunguka, na siku moja nilisikia analia, kilio cha chini cha mtu asiyetaka ukuta usikie. Nikachukua pampu nikaanza kujaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa, ili ajue sisikii.

Ijumaa, siku mbili kabla ya safari, alisema jioni ile atapika yeye, unga wa kweli, moto wa kweli, na mkono wa kushoto utazuia sufuria tu kwa kijiti, isizunguke. Mke wangu akabandika maji, akatoka nje akakaa nami kwenye benchi. Tulisikia maji yakichemka, unga ukishuka, kisha mwiko: duu, duu, unakuwa mzito, unasimama, duu. Ulisimama mahali nikahesabu mpaka arobaini. Mke wangu akanishika goti. Ukaendelea.

Sahani yangu ililetwa kibandani kama kawaida. Nikala tonge la kwanza.

"Muulize mkwilima," sauti ikatoka jikoni, "ukoje?"

Mke wangu alinitazama kwa macho ya kuniomba. Na ninakiri nilitaka kusema ni mtamu, basi. Lakini Jumapili palikuwa na watu wanaongoja, na mimi ndiye niliyefuta ishirini.

"Mwambie mama," nikasema, "umeiva. Upande mmoja una madonge, na ndani ya donge unga ni mbichi. Upande mwingine ni mzuri."

Mke wangu akafumba macho.

"Upande gani una madonge?"

"Wa kushoto, mama. Ulio mbali na mkono."

"Ahaa. Pale sikufika." Nikasikia sahani inasogezwa. "Mwenzangu ana mikono miwili mizima, na ugali wake una madonge pande zote, tangu aolewe. Mwambie mumeo akanikatie tiketi."

Jioni hiyo tulikula ugali wa mahindi uliochanganywa na muhogo, mlenda, na dagaa wa kukaanga kwa nyanya chache. Mama mkwe alikula jikoni kwa mkono wa kulia, taratibu, mke wangu na watoto wakala sebuleni, na mimi nje. Madonge tuliyapasua, tukala nje palipoiva, unga mbichi wa ndani tukawapa kuku.